Kreti ya Soda kwenye Mkutano wa Wenye Hisa

Kila baada ya miezi mitatu simu yangu hutoa mlio mfupi, pesa zinakuwa zimeingia, na mimi huangaza macho nyumbani nikitafuta mtu wa kumwambia. Hayupo. Namwambia paka, ambaye hata si wangu, ni wa jirani, na huja kwangu kwa ajili ya sambaza tu, dagaa wa ziwa letu.

Sikuzoea pesa za namna hiyo. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa muuza vitenge pale mpakani, Rusizi ya Kwanza, nikivuka daraja asubuhi kwenda Bukavu na kurudi jioni, na kila faranga niliyoipata niliipata kwa mdomo. Mteja anataja bei yake ya matusi, mimi nacheka, nakunja kitenge changu kama ninayeondoka, ananivuta mkono, tunaanza upya. Nilizaliwa na kukulia hukohuko Bukavu, mtoto wa Wanyarwanda, nikarudi upande huu wa Rwanda nikiwa tayari mke wa mtu. Mali niliyorudi nayo ni Kiswahili cha kugombania bei. Mimi ni mkali, sikatai. Mume wangu, Mungu ampumzishe, alikuwa akisema watu wananikubalia bei ili niwaondokee tu.

Magoti ndiyo yaliyonisimamisha. Daktari aliniambia habari ya daraja niisahau, na wakati huo mume wangu alikuwa ameshafariki. Nikauza kibanda changu cha soko la Kamembe, mjini kwetu, na mwanangu wa pekee, anayefanya kazi ya bima Kigali, akaja na kompyuta yake kunieleza nitakavyoishi.

"Maman, usijichokeshe tena," aliniambia. "Ile franga ndiyo itatumika kazi, weye unakaa tu."

"Nitakaa ninafanya nini?"

"Unakaa, Maman."

Kule Bugarama, kwenye tambarare la joto chini ya milima yetu, kulikuwa na kampuni ya kinu cha mpunga iliyotafuta pesa za kupanua kazi. Hisa zake za kawaida walikuwa nazo wakulima wa mpunga wenyewe. Kwa watu wa nje kama mimi walitoa vitu viwili. Cha kwanza ni hisa za upendeleo: unalipwa wewe kabla ya wakulima, kiasi kilekile kila robo mwaka, ila mkutanoni huna kura. Cha pili ni hatifungani ya kugeuzwa: unaikopesha kampuni, inakulipa riba, na kabla ya tarehe ya mwisho unachagua mwenyewe, urudishiwe pesa zako au uzigeuze kuwa hisa za kawaida kama za wakulima. Ukigeuza, riba imekufa. Utakula wakila, utalala njaa wakilala njaa, lakini utakuwa na kura. Mwanangu akaweka nusu ya pesa zangu huku na nusu kule. Riba ikawa ya umeme na dawa za magoti, gawio la upendeleo likawa la chakula. Alipanga vizuri, na mpaka leo namsifu kwa hilo.

Nikatoka pia kwenye ikimina. Hicho ni chama chetu cha wanawake cha kuchangiana, ng'ambo wanakiita likelemba: kila Jumamosi mnakutana kwa mmoja wenu, mnatoa mchango, mmoja anaondoka nao wote, mnakula, mnawasengenya ambao hawakuja. Mwanangu alisema pesa za kule hazizai kitu. Hakukosea. Lakini hakuna aliyenionya kwamba Jumamosi zenyewe zingeendelea kuja, na nisijue nizifanye nini.

Nyumba yangu iko juu kidogo, ukikaa barazani unaona ziwa na ng'ambo yake mabati ya Bukavu. Nilikaa kama nilivyoambiwa. Nilijifunza saa anayopita muuza maziwa, nikawa namtafutia ugomvi wa bei ambayo haijabadilika tangu mwezi uliopita. Akaanza kupita njia ya juu. Nilikuwa na umeme, dawa, na chakula, na siku nyingine jua lilikuwa likizama sijafungua kinywa isipokuwa kumfukuza paka.

Kisha dada yangu akafa huko Bukavu. Alikuwa ndiye mtu wa mwisho upande ule aliyeniita kwa jina la utotoni. Nilivuka, tukamzika, nikarudi. Kwetu ukirudi kutoka kuzika, nyumba haiachwi: watu wanakuja, wanakaa, hata kama hawana la kusema wanakaa. Mume wangu alipokufa, wanawake wa ikimina walijaa mpaka nje, wakapika, wakaosha vyombo, mmoja akalala kwenye mkeka wangu wiki nzima na kunikera kwa kukoroma. Safari hii walikuja majirani wawili, wakakaa kidogo, wakaenda. Viti nilivyokuwa nimepanga barazani nikavirudisha ndani kimoja kimoja. Nilipokuwa na kiti cha mwisho mkononi simu ikalia ule mlio wake mfupi. Riba ilikuwa imeingia, bila kuchelewa. Nilikaa kwenye kile kiti nikalia, na sikujua kama nilikuwa nikimlilia dada yangu au nikijililia mwenyewe.

Tarehe ya mwisho ya kuchagua ilikuwa karibu. Nikampigia mwanangu kumwambia nageuza hatifungani kuwa hisa za kawaida.

"Maman, juu ya nini? Ile mwaka mvua iliharibu mupunga, bale bakulima hawakupata hata franga moja. Umeme utalipa na nini?"

"Nitawasha mushumaa."

"Na magoti?"

"Magoti ni yangu."

Ni mtoto mwema, na sikuweza kumwambia kwamba nilikuwa nanunua watu. Ndivyo nilivyofikiri, kwa kichwa cha mwanamke wa ikimina: wakiwa na kura nami nina kura, nitakuwa mwenzao, na wenzako wanakuja kwako ukifiwa. Nikageuza. Robo iliyofuata mlio wa riba haukuja. Umeme nikaanza kuwasha chumba kimoja tu.

Siku ya mkutano wao mkuu nilipanda gari kuteremka Bugarama na sufuria kubwa ya sambaza wa kukaanga magotini na kreti ya soda miguuni. Msinicheke. Kwenye ikimina mgeni haingii mikono mitupu. Siku yako ya kwanza unawanywesha wenzako, ndipo wanakuita mwenzao. Mlinzi wa ukumbi akaitazama kreti, akanitazama mimi nilivyovaa mshanana wangu wa sherehe, akaniuliza kwa adabu zote:

"Maman, huku kuko bukwe?"

Ndani kulikuwa na wakulima wamevaa kandambili, jasho likiwatiririka, na mbele yao mwenyekiti, mzee mwenye sauti ndogo. Hapakuwa na harusi. Hapakuwa na chupa hata moja isipokuwa zangu. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele, nami nikatamani ardhi ipasuke. Mwenyekiti akasema soda zitasubiri, kwanza kuna shida.

Shida ilikuwa hii: mota ya mashine ya kukoboa ilikuwa imeungua. Mpunga ulikuwa umerundikwa nje chini ya maturubai, na mvua zilikuwa zinakuja. Pesa za mota mpya hazikutosha. Wazo la viongozi lilikuwa wenye hisa za upendeleo wasilipwe kwa mwaka mzima. Haki yao itabaki, watakuja kulipwa malimbikizo yao kabla ya mkulima yeyote kugusa faida. Watu wakaitikia kwa vichwa. Wenye hisa hizo hawakuwepo, na hata wangekuwepo hawana kura. Mmoja tu alikuwepo, na alikuwa na hisa za aina zote mbili. Nikasimama kabla magoti hayajakataa.

Mpaka hapo mkutano ulikuwa ukienda kwa Kinyarwanda. Lakini wengi wetu pale tumekulia Kongo, na sisi tukigombana tunagombana kwa Kiswahili.

"Mwaka muzima? Na mimi nitakula nini, maneno yenu?"

Mwanamke mmoja mkulima, mnene, mwenye sauti ya soko kama yangu, akainuka safu ya mbele. "Maman, mupunga yetu inaoza inje, mashini imekufa, na weye unataka bakulipe wa kwanza?"

"Minataka! Si ndivyo mulisema wakati mulikamata franga yangu?"

"Basi ulikuya na fanta ya nini? Ulikuya kutunywesha halafu utudai?"

Ukumbi ukavuma. Nikamwambia sisi wa upendeleo tutakosa malipo ya robo mwaka moja tu, si zaidi. Akasema tatu. Nikasema moja, na sambaza wangu wale bure. Akasema sambaza wenyewe anawasikia harufu, ni wa juzi. Nikachukua mkoba wangu, nikaufunga, nikageuka kama ninayeondoka, na yule mwanamke, haki ya Mungu, akaja akanivuta mkono. Tukaanza upya. Mwenyekiti alikaa chini akatuacha. Tulipofika robo mbili nilijua kwamba hapo ndipo tulipokuwa tunaelekea tangu mwanzo, na yeye alijua.

Wakapiga kura. Nikanyoosha mkono pamoja nao, kura ya kujinyima chakula changu mwenyewe. Naona haya kusema, lakini nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu niache daraja. Soda zilikuwa moto kama chai, zikanywewa zote. Sambaza wakalambwa mpaka sufuria ikang'aa, na gari la kurudi lilikuwa linapiga honi, hivyo sufuria nikaiacha. Yule mwanamke aliandika namba yangu ili anirudishie.

Mwanangu alipiga kelele kwenye simu kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Ulipiga kura wasikulipe? Weye mwenyewe?" Nilimweleza habari ya mota na maturubai, akasema atanitumia kidogo mwisho wa mwezi, nikamwambia asithubutu, ana watoto wa kulipia shule. Nilikuwa na hakika watu wangu wa Bugarama watakuja. Nilifagia baraza. Wiki ikapita, na nyingine. Mvua zikaja, nikawa nasikiliza mabati na kuwazia ule mpunga wao. Hakuna aliyekuja. Nikaanza kuelewa kilichokuwa wazi kwa kila mtu ila mimi, kwamba ule ulikuwa mkutano wa kampuni, watu wameshamaliza ajenda wamerudi mashambani kwao, na mimi nilikuwa nimeuza umeme wangu kwa mchana mmoja wa kelele. Nilimsikia marehemu mume wangu akinicheka.

Siku ya gawio ikafika. Niliijua nilivyokuwa naijua siku ya soko. Niliiweka simu mezani, nikaitazama kama mjinga, ingawa mkono wa kuizuia isilie ulikuwa huu wangu. Adhuhuri ikapita. Unga ulikuwa umebaki chini kabisa ya mfuko, nami sikuwa na hamu ya kupika kwa ajili ya mdomo mmoja. Paka naye hakuja. Sambaza walikuwa wamekwisha siku nyingi.

Simu ikalia. Haukuwa ule mlio mfupi, ilikuwa inaita.

"Maman wa fanta," ilisema sauti ya soko. "Leo si ndiyo siku yenye walikuwa banakulipa? Nilikumbuka."

Nikaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Ulisha kula?"

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwajibu watu wote, kuanzia mwanangu, kwamba nimekula, nimeshiba, niko sawa.

"Bado," nikasema.

"Basi weka mayi ku moto. Nilishuka mu gari hapa ku gare ya Kamembe, niko na sufuria yako. Mashini ilipona, nilitia muchele ndani. Ningekurudishia sufuria tupu, ungenitukana."

"Ningekutukana sana."

"Minajua. Fanya mbio, niko na njaa."

Nikateka maji, nikayabandika. Yalipoanza kuimba nikachungulia. Mkono wangu ulikuwa umezoea mno, nilikuwa nimeweka maji ya mtu mmoja. Nikachukua kopo, nikaongeza.