Mteja Aliyetoroka na Kitambaa Shingoni

Tangu Jumamosi situlii. Simu ikilia tu, nashtuka. Mimi ni kinyozi hapa Katwe, na nataka kumuoa Neema. Siku hiyo baba yake, anayekaa Bwaise, aliniomba nimsaidie kumnyoa kondoo wake dume, maana mafuriko yalimgandishia matope kwenye manyoya yote.

"Papa, kwetu Masisi nimenyoa kondoo tangu utoto," nikajibu. Uongo mtupu!

Nikafuata mazoea ya saluni. Nikamfunga kitambaa shingoni, nikanyoa ubavu mmoja, na kabla sijafikiri nikampaka spiriti. Kondoo akafyatuka, akapita getini na kitambaa changu.

"Usijali, Papa. Kwetu tunawaachia kwanza wapunge hewa," nikasema, jasho likinitiririka.

Papa akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Mara simu yangu ikalia. Mikono yangu ilikuwa imejaa matope, kwa hiyo akaipokea yeye, akaweka spika.

"Ssebo, bwana kinyozi? Namba nimeiona kwenye kitambaa. Mteja wako yuko huku Bombo Road, amenyolewa upande mmoja. Kwani alikukosea nini?"