Mbuzi wa Mama Tshibola Apitia Depo

Mwaka 1956 tulikuwa madereva wawili wa kamio, yaani lori, katika kampuni moja ya Kolwezi: mimi, Stanislas, mvivu anayejulikana, na Badibanga, aliyezipenda kanuni kuliko Wazungu waliozitunga. Ukutani pale depo palichorwa ramani: njia zote ziliingia Kolwezi kama njiti za gurudumu la baiskeli. Kila mzigo, hata wa kwenda kijiji cha jirani, ulipaswa kuja kwanza depo, ugongwe muhuri, ndipo urudishwe kwa njia ileile hadi unakokwenda. Upuuzi mtupu! Badibanga aliivulia kofia ramani ile.

Alikuwa akimchumbia Ngalula. Kwetu Wakasai mama wa binti hapewi maneno matupu, hupewa mbuzi wake. Mama Tshibola, mamake Ngalula, aliyekaa kando ya barabara ya kutoka Nzilo kuja Kolwezi, alisema wazi: mbuzi asipofika Jumamosi, hakuna harusi.

Jumamosi hiyo Badibanga akampakia mbuzi Nzilo, akamwandikia karatasi ya mzigo. Mama Tshibola alisimama mlangoni na ndugu zake wote. Walipomwona mbuzi juu ya kamio wakapiga vigelegele. Badibanga akapiga honi kwa heshima, akapita.

"Ungemushusha pale pale!" nilimfokea depo.

"Bila muhuri? Namna gani, ndugu yangu?"

Mbuzi alikaa depo siku tatu, akala nusu ya karatasi yake. Jumanne Badibanga akamrudisha kwa barabara ileile. Mama Tshibola akampokea bila ugomvi.

"Jumamosi utapata bibi yako," alisema. "Mi nitamutuma kwa njia yako."

Badibanga alifurahi mno. Mimi niliogopa.

Jumamosi Badibanga alisimama mbele ya nyumba yake katika kambi ya wafanyakazi, kavaa suti, ndugu wamejaa uani. Kamio nililiendesha mimi. Mama Tshibola alikaa kando yangu, Ngalula nyuma na shela yake. Vigelegele vikaanza. Nikapunguza mwendo.

"Usisimame, tata," Mama Tshibola alisema. "Mutoto bado hajapita depo."

Na depo ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Nikapiga honi kwa heshima, nikapita.

Kwenye kioo nilimwona Badibanga akikimbia vumbini, viatu mkononi. "Mushushe! Mushushe hapa hapa!"

Mama Tshibola akatoa kichwa dirishani. "Bila muhuri, tata?"

"Bila muhuri, mama!" alijibu, na alikuwa analia kweli.

Nilikanyaga breki bila kumwomba mtu ruhusa.