Aliyesema Hesabuni Watu

Ofisini walimwita Masikio, naye hakuchukia. Miaka ishirini na sita alikuwa akilipwa kwa kusikiliza. Idara ya kuhifadhi sauti ilikuwa na vyumba vitatu vya chini, nyuma ya jengo la redio, na cha mwisho kilikuwa chake: mashine ya kanda, kompyuta, chupa ya spiriti, pamba, wembe, na rafu zilizojaa mikebe ya bati mpaka darini. Ndani ya mikebe hiyo mlikuwa na kanda zilizorekodiwa kaskazini zamani, enzi gari la redio lilipokuwa likizunguka huko mji kwa mji. Mikutano ya hadhara, mabishano ya vyama vya wafanyakazi, vikundi vya akina mama vikisoma maazimio yao, wagombea wakiahidi barabara. Kanda zilikuwa zinaoza. Nyingine ukifungua mfuniko tu, harufu ya siki inakupiga puani. Masikio alizisafisha, akaziingiza kwenye kompyuta, kisha akajaza kadi: nani anasema, wapi, mwaka gani, juu ya nini.

Asubuhi ya Jumanne moja alishika mkebe ulioandikwa kwa kalamu ya risasi: "Bwawa. Uwanja wa shule." Akauweka mezani.

Mkutano huo aliujua kabla hajajua kusoma. Serikali ya wakati ule ilitaka kujenga bwawa na kuuhamisha mji wao wote, huko kaskazini alikozaliwa. Wapimaji walikuja, wakapiga chokaa kwenye kuta, wakahesabu nyumba na miti ya matunda, kisha wakubwa wakaitisha mkutano. Hapo, kama kila mtu alivyosimulia, kijana mmoja karani wa stoo alisimama akawaambia: "Mmehesabu nyumba, mmehesabu miti. Sasa hesabuni watu!" Redio ikamhoji, ikayatangaza maneno hayo nchi nzima. Mwishowe bwawa likapelekwa kwenye bonde lisilokaliwa, na yule karani akachaguliwa diwani vipindi viwili. Maneno yake yakaandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa shule, naye hakuitwa tena kwa jina lake. Wakamwita Hesabuni.

Mzee Hesabuni alikuwa baba mdogo wa Masikio. Baba yake mzazi alifariki yeye akiwa na miaka tisa, na baba mdogo akamchukua, akamlea, akamsomesha. Shuleni walimu walimtambulisha kwa wageni: "Huyu ni mtoto wa Hesabuni." Basi akasimama wima kama mlingoti.

Na sasa idara ilikuwa inajiandaa kwenda kaskazini baada ya wiki tatu, kuzifungulia kanda hizo ukumbini, watu wajisikie wenyewe. Mgeni rasmi angekuwa Mzee Hesabuni. Kilichokosekana kilikuwa kanda ya mkutano wenyewe.

Masikio alifuta kichwa cha mashine kwa pamba, akapitisha kanda, akavaa visikizi. Upepo. Mtoto analia. Mkubwa mmoja anasoma hotuba ndefu isiyo na chumvi. Watu wanaguna. Kisha sauti ya mwanamke, nyembamba, haina kipaza sauti, inatoka mbali: "Mmehesabu nyumba, mmehesabu miti. Sasa hesabuni watu!"

Kelele, vigelegele. Na karibu kabisa na kinasa sauti, sauti aliyoifahamu kuliko yake mwenyewe, ya ujana lakini ileile: "Kaa chini, mama. Kaa chini bwana, utatuponza."

Alirudisha nyuma. Akasikiliza tena. Akarudisha. Mara ya sita akavua visikizi na kutoka nje, akazunguka jengo la redio mara mbili bila kujua anatafuta nini.

Tangu siku hiyo hakutulia. Nyumbani aliosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Alifungua kabati, akasahau alichofuata, akafunga. Mumewe, fundi wa kuchomelea milango, alimtazama akipita kwa mara ya nne mbele ya televisheni.

"Mama watoto, umekalia siafu?"

"Niache."

"Nimekuacha. Lakini mpira nautaka, na wewe si kioo."

Alimweleza. Mumewe akakuna kidevu. "Sasa, si umuulize mwenyewe?"

Kwanza alimuuliza mkuu wa idara, maana ndiye aliyekuwa karibu. Mkuu alisikiliza kipande kile huku akiangalia saa. "Andika 'sauti ya mwanamke'," alisema. "Inatosha. Na ukumbini tutafungulia yale mahojiano ya redio, yale yaliyotangazwa. Pale mzee anasema vizuri kabisa. Tusiharibu shughuli."

Ijumaa Masikio akaomba ruhusa, akasafiri saa saba kwenda kaskazini, kompyuta ya mkononi ikiwa mapajani kama mtoto mgonjwa.

Alimkuta baba mdogo barazani akichonga mpini wa jembe, ingawa siku hizi hakuwa na shamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona bila taarifa? Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuletea kitu usikilize."

Alimvisha visikizi mwenyewe, akabonyeza. Mzee alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Sauti ya mwanamke ilipopita, kisu kilisimama juu ya mpini. Ya kwake ilipopita, alivua visikizi akaviweka mkekani polepole.

"Askari walikuwa na virungu," alisema. "Wewe hukuwepo. Nilimwambia akae ili asipigwe."

"Sijakulaumu kwa hilo, baba. Ila miaka yote hii..."

"Mimi nilimtaja!" Sauti ilimpanda. "Yule mwandishi aliponihoji baada ya mkutano nilimtaja! Nilisema, kama alivyosema yule mama wa cherehani. Nilisema kwa kinywa changu. Redioni hawakuyatoa."

"Mahojiano ninayo. Hayana maneno hayo."

"Basi mimi ni mwongo." Alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Masikio alikaa barazani mpaka mke wa mzee, aliyemwita mama miaka yote, alipokuja kumwambia kwa upole kwamba chakula kiko tayari, ila mzee amesema hana njaa. Alirudi mjini siku ya pili bila kuagwa. Njia nzima alikuwa akigeukageuka kitini, na abiria wa jirani akamuuliza kama ana maumivu ya mgongo.

Alitaka kumwamini. Hapo ndipo palipomkera: alitaka mno, na sikio lililozoea kazi haliruhusu kutaka. Jumatatu, kabla hata ya kutundika mkoba, alishusha mkebe wa mahojiano yaliyotangazwa. Akaiweka kanda, lakini safari hii hakuvaa visikizi. Aliipitisha taratibu mkononi, akiitazama kwenye mwanga wa dirisha, sauti ikitoka kwenye spika. Na pale baba mdogo anaposema "Sisi wananchi tunasema," kabla ya "hesabuni watu," vidole vyake vikagusa kiungo: utepe mwembamba wa gundi, uliokatwa kwa mshazari. Mtu alikuwa amekata hapo kwa wembe na kuunganisha. Ndivyo walivyofanya kazi zamani. Kipindi kikizidi dakika, fundi anapunguza.

Mafundi wengi walitupa vipande sakafuni. Wachache, wale waangalifu, walivibandika ndani ya mfuniko endapo mkubwa atabadili mawazo. Masikio aligeuza mfuniko. Karatasi ya kahawia, iliyokauka, na chini yake kulikuwa na vipande vitatu vya kanda, kila kimoja urefu wa mkono.

Ilimchukua asubuhi nzima. Cha kwanza kilikuwa kikohozi cha mwandishi. Cha pili kilikuwa kimya. Cha tatu kilikatika mikononi mwake, akakiunga upya huku akijitukana. Alipokipitisha kwenye mashine, sauti ya kijana karani wa stoo ikasema, haraka, kama mtu anayeogopa kusahau: "...kama alivyosema yule mama wa cherehani pale..."

Basi. Sekunde tatu tu. Alikaa chini akatulia, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akalia.

Kisha akapiga simu. Mzee alipokea baada ya kuita sana.

"Baba, nimekipata. Walikikata. Sikiliza." Akaweka simu mbele ya spika, akakifungulia kipande.

Upande wa pili kiti kilisikika kikivutwa.

"Kwa hiyo nilisema," mzee alisema.

"Ulisema, baba."

"Mwanangu, nilikuwa nimeanza kudhani najidanganya. Unajua mtu anavyoweza kujitengenezea kumbukumbu." Alivuta pumzi. "Lakini hiyo ni siku moja. Kesho yake watu walinibeba mabegani, na sikusema kitu. Kwenye kampeni, sikusema. Waliponiandikia ukuta, sikusema. Siku ya kwanza walikata wao. Zilizobaki nimekata mimi."

Masikio aliisogeza kadi karibu. Akauliza alichozoea kuuliza, maswali ya kadi: yule mama alikuwa nani?

Mzee akamtajia jina lake, la baba yake na la mumewe. Alikaa mtaa wa pili kutoka kwake. Alishona sare za shule nusu ya mji, na alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Kila alipokutana na diwani njiani alimwita kwa sauti, "Mwanafunzi wangu, hujambo?" Watu walicheka wakidhani ni utani wa mama mtu mzima. "Mimi nilikuwa nikicheka pamoja nao," mzee alisema. "Kisha nikifika nyumbani, chakula hakipiti."

Kwenye kadi Masikio hakuandika "sauti ya mwanamke". Aliandika jina lote. Mkuu wa idara aliposoma alikunja uso, akasema wataonekana wamekuja kuwaaibisha wenyeji. "Mgeni rasmi mwenyewe ndiye aliyenitajia," alijibu Masikio. Mkuu akamrudishia kadi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa saa nne asubuhi. Masikio hakuweza kukaa nyuma ya mitambo. Alisimama, akachuchumaa, akakagua nyaya zilizokuwa sawa. Kanda ilipofika kwenye ile sauti nyembamba, watu wakatazamana. Minong'ono ikaanza. "Kaa chini, mama" ikapita, na mzee mmoja kule nyuma akacheka huku akipiga makofi. Ndipo Mzee Hesabuni akasimama bila kuitwa. Hakuongea vizuri. Alirudia maneno, akachanganya miaka, akamtaja mama wa cherehani kwa majina yake yote mara tatu, akasema ameishi ndani ya jina la Hesabuni kama kwenye nyumba ya mtu mwingine. Wengine walimpigia makofi. Wengine walinong'ona kwamba anatafuta sifa ya pili sasa ya kwanza imekwisha. Mwalimu mkuu aliuliza kwa wasiwasi kama ukuta upakwe rangi upya.

Mwanamke mmoja mnene, mwenye futi ya kupimia bado shingoni, alikuja hadi kwenye mitambo. Alikuwa binti wa mama wa cherehani. Aliacha kazi katikati, mtu alipomkimbilia kumwambia.

"Mama alikuwa na sauti nyembamba hivyo?" aliuliza. "Mimi naikumbuka nzito."

"Alikuwa kijana," Masikio alisema.

"Naomba uirudie."

Waliirudia mara nne. Mzee Hesabuni alisubiri pembeni, kofia mkononi. Walipomaliza, binti alimtazama kwa muda, akasema tu, "Shikamoo, mzee," akatoka. Hakukuwa na kukumbatiana. Mzee alirudi nyumbani kwa miguu, akakataa gari la idara.

Masikio alirudi mjini na kuanza mkebe mwingine, wa mgomo wa wapakiaji mizigo, na utulivu haukuja kama alivyodhani. Bado aliinuka mezani kila dakika kumi. Bado alishika mifuniko yote ya zamani, akaipapasa ndani.

Baada ya siku tisa simu iliita. Alikuwa yule binti; Masikio alikuwa amemtumia sauti ya mama yake kwenye simu.

"Samahani kwa usumbufu. Pale mama anapomaliza, kabla ya vigelegele, kuna mtu anakohoa mara mbili. Umesikia?"

"Subiri." Masikio alivaa visikizi, akarudisha, akasikiliza. "Nasikia."

"Huyo ni baba. Alikuwa akikohoa hivyo akiogopa."

Masikio alivuta kadi, akachukua kalamu, akamwomba amtajie jina la baba yake, herufi kwa herufi.