Upinde wa Twiga

Mwezi uliopita, kando ya barabara hapa Isiolo, nilimkuta kijana akiwauzia watalii pinde. Nilizihesabu, kumi na moja. Nikarudia, kumi na moja. Hakuna hata mmoja ambao ungemtisha njiwa. Niliuchukua mmoja, nikauvuta huku nikihesabu kimyakimya, na kijana akacheka. "Mama, wewe na upinde wapi na wapi?"

Nilimrudishia upinde wake. Wewe nitakueleza, maana tumejuana siku nyingi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwaka wa ukame. Sisi ni Waturkana, na boma letu lilikuwa nje kidogo ya mji, pale ambapo vumbi la soko la mifugo lilitufikia kabla ya habari zake. Baba na kaka yangu walikuwa wamepeleka ng'ombe upande wa Oldonyiro kutafuta majani, na kaka akaondoka na upinde wa nyumbani. Tulibaki nyanya, mama, mimi wa miaka kumi na miwili, na maksai mmoja mweusi aliyeachwa kwa sababu ya mguu mbovu. Mama alikuwa amejifungua siku tano zilizopita na kupoteza damu nyingi. Mtoto alilia, maziwa hayakutoka. Midomo ya mama ilikuwa na rangi ya jivu.

Kwetu, mzazi aliyeishiwa nguvu hupewa damu ya ng'ombe. Mnyama hachinjwi. Anafungwa ukanda shingoni mpaka mshipa uvimbe, kisha mshipa unapigwa kwa karibu na mshale uliozungushiwa uzi nyuma ya ncha, ili usiingie zaidi ya urefu wa ukucha. Kibuyu kikijaa, ukanda unafunguliwa, kidonda kinazibwa kwa mavi mabichi ya ng'ombe, naye anaenda zake. Lakini hiyo ni kazi ya wanaume, na asubuhi ile mwanamume wa karibu alikuwa yule mwenye umri wa siku tano.

"Nenda sokoni ulete upinde," nyanya aliniambia. "Laini. Wa ng'ombe. Mishale ninayo."

"Na nani atapiga?"

"Kwanza upinde."

Akanipa ngozi tatu za mbuzi. Ngozi ndizo mavuno pekee ambayo ukame ule ulitupa.

Sokoni kulikuwa na Mborana mmoja aliyeshuka na lori la Merti. Zamani alikuwa mwindaji. Tangu serikali ipige uwindaji marufuku, alikuwa anauza vyombo vyake kimoja kimoja. Siku hiyo alikuwa na pinde mbili. Mmoja ulikuwa umenyooka, mwembamba, umechakaa, unanuka mafuta ya ng'ombe. Wa pili ncha zake zilikuwa zimekunjwa kwa moto zikatazama mbele, kama midomo ya mtu anayetaka kukuambia kitu. Niliupenda papo hapo. Mnunuzi hatakiwi kupenda, na akipenda asionekane.

"Salaam aleikum, mtoto yangu. Unataka ya nini?"

"Wa kutoa ng'ombe damu."

"Basi chukua hii imenyooka. Ngozi moja."

"Na ule?"

"Ile si yako. Ile ni ya twiga."

"Twiga wamekufa kiu. Nakupa ngozi mbili."

"Hii itatoboa shingo, itoke huku ingine."

"Mbili."

"Wewe mtoto, mimi nimekuambia. Leta tatu."

"Mbili."

Mimi wauzaji nilikuwa nawajua, au nilidhani. Muuzaji akikuambia kitu si chako, anapandisha bei. Nilirudi na ule upinde na ngozi moja kwapani, nikijiona mjanja wa Isiolo nzima. Kaka alikuwa amenifundisha tukichunga kwamba upinde unaokufaa ni ule unaouvuta ukahesabu kumi bila mkono kutetemeka. Pale sokoni sikuhesabu. Ni mara hiyo moja tu maishani mwangu.

Nyanya aliutazama. Akajaza nyasi kwenye ngozi, akaitundika uani.

"Piga."

Nilivuta. Kufika nne, mkono ukatetemeka na mshale ukajitokea wenyewe. Ukaipenya ngozi, uzi na yote, ukakwama kwenye mti wa ua. Nikajaribu kuvuta nusu. Ukapenya. Mishale sita, yote sita ilipita uzi. Nikahesabu tena, bado sita. Nilikimbia mpaka sokoni, lori la Merti lilikuwa limekwenda. Niliporudi mtoto alikuwa analia, na mama alikuwa ameacha kumbembeleza.

"Tupige tu," nilisema. "Maksai akifa, si damu itatoka?"

"Akifa, mama yako atakunywa leo," nyanya alisema. "Kesho kutwa atakunywa nini?"

Alivunja chupa ya soda kwenye jiwe, akanipa kipande. "Uparue upinde, uwe laini. Upande wa ndani."

Nikaparua. Mikwaruzo ishirini juu, ishirini chini, maana upande mmoja ukizidi, upinde unavunjika. Vumbi la mti lilinidondokea mapajani, na mtoto alilia kwa sauti inayopungua. Nilipoujaribu, nilifika saba. Nikaparua tena. Ukalia, tak, mahali fulani ndani. Haukuvunjika. Nikavuta, nikafika kumi. Nikavuta tena, kumi. Mshale uligonga ngozi ukasimama kwenye uzi. Wa pili ukasimama pia.

Jirani yetu, mwanamke mwenzake mama, alikuja kushika pembe. Nyanya akakaza ukanda, mshipa ukatokeza kama kidole gumba. Jirani akaona upinde uko mkononi mwa nani.

"Huyu ndiye anapiga?"

"Ng'ombe hajui nani amevuta."

"Na akijua?"

"Hatasema."

Nilisimama hatua mbili. Nilipoachia, maksai aliruka, mshale ukaanguka mavumbini, na kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu damu ikaja, nyembamba kama uzi, nyeusi, moja kwa moja kwenye kibuyu. Nyanya alikuwa anakoroga na kijiti isigande. Ukanda ulipofunguliwa, damu ilikatika.

Mama alishika kibuyu, akasita. "Nani amepiga?"

Watu wa kwetu walisema damu iliyotolewa na msichana hukausha maziwa.

"Mwanao," nyanya alijibu. "Alipita, akarudi kwa ng'ombe."

Mama akanywa. Wiki ile kaka "alipita" mara mbili zaidi, mpaka mama akanung'unika kwamba kijana gani haingii hata kusalimia. Maziwa yakatoka.

Kaka aliporudi, mama alimpa mbuzi jike. Kaka akamtazama nyanya, nyanya akamtazama, naye kaka akamchukua mbuzi. Niliwahesabu wana wa yule mbuzi miaka mingi.

Siku hizi hapa mjini simwoni tena anayefunga ule ukanda. Mzazi akizidiwa anapelekwa hospitali, na ni vizuri. Nyanya hayupo, jirani hayupo. Mama aliishi mpaka uzeeni, na mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara ya pili alikuwa amelala hospitalini, ameshika vidole vyangu.

"Kaka yako," akasema, "mkono wake ulikuwa umetulia."

"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Ulikuwa umetulia."