Krimu Niliyopaka Chini ya Macho

Kila nikinawa uso naikumbuka siku moja, mwanangu, na ningependa kuisahau. Vidole vikifika hapa chini ya macho vinapunguza mwendo vyenyewe, maana ngozi ya hapa ni nyembamba, na yangu ina alama mbili ambazo wengi wanadhani ni za uzee. Si za uzee. Nilijitia mwenyewe nikiwa na miaka ishirini na mmoja, na aibu yake sijaimaliza.

Tulikuwa tunaishi kwetu Boito, mimi na mama yangu, tukichuma majani chai kwenye shamba letu dogo. Kabla ya jua tunakoka moto wa kuni mbichi, moshi unatujaa machoni, halafu tunaingia kwenye chai yenye umande. Mimi nilikuwa na tabia ya kufikicha macho kwa mkono uleule mweusi kwa maji ya majani. Mama alinikataza mara nyingi. Basi chini ya macho pakawa peusi, pamevimba kidogo, na kila nikishika kioo sikuona kingine ila hapo. Uso uliobaki haukuwa na kasoro, lakini nani alikuwa anautazama?

Kijana mmoja wa Kedowa akanipenda, na ikapangwa siku ya koito, ambayo watu wa kwao wangekuja kwetu kuzungumza mahari. Wiki mbili kabla yake nikaenda soko la Bomet, nikanunua kikopo cha krimu kisicho na jina. Mwanamke aliyeniuzia aliniambia wazi, "Hii paka shavu na shingo peke yake. Karibu na macho usijaribu, itakuchoma." Nilimsikia vizuri. Nakuambia hivyo kwa sababu kwa miaka mingi nimejidanganya kwamba sikuonywa. Nilifika nyumbani nikapaka palepale alipokataza, asubuhi na jioni, na ilipoanza kuwasha nikajiambia inafanya kazi. Msichana anayetaka kuolewa ana akili zake.

Siku ya nne ngozi ilichubuka, ikawa nyekundu na kutoa maji. Mama hakunipigia kelele. Alichemsha maji, akayapoza, akanisafisha kwa kitambaa laini bila kusugua, kisha akanipeleka zahanati. Daktari akasema nimshukuru Mungu haikuingia ndani ya jicho. Njiani tukirudi mama aliniuliza jambo moja tu.

"Ulikuwa unaficha nini, Chelangat? Hiyo macho ni ya mtu anafanya kazi."

Nikashusha kitambaa cha kichwani hadi kwenye nyusi.

Wageni walipofika vidonda vilikuwa vimekauka, lakini vilionekana. Shangazi wa mume wangu, mwanamke wa kusema lile ambalo wengine wanalifikiria tu, alinikazia macho akauliza, "Huyu msichana ni nini ilimchoma? Ama ni hizi dawa za kujichubua?"

Siku hizo msichana aliyejichubua alionekana hajatulia, na mazungumzo yangeweza kuishia hapo. Kabla sijafungua mdomo mama akasema, "Ni mimi. Nilikuwa naepua uji, sufuria ikateleza, ikamrukia. Mkono yangu iko na haraka sana." Akacheka kidogo, peke yake.

Mimi niliangalia sakafu. Nilifurahi, mwanangu. Hiyo ndiyo sehemu ninayoionea aibu kuliko zote, kwamba nilifurahi.

Shangazi hakusahau. Nilipojifungua mtoto wa kwanza mama alikuja Kedowa kunisaidia, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, na shuka jipya. Asubuhi alikunja mikono ya sweta amwogeshe mjukuu wake. Shangazi akalivuta beseni upande wake, akamwambia kwa heshima kabisa, "Wewe kaa tu, mama. Mkono yako tunaijua, na mtoto bado ni mdogo."

Mama aliketi na taulo magotini, akitazama. Halafu akaniangalia, mara moja tu, na nilijua ananipa nafasi ya kusema. Nikajifanya nafunga vifungo vya gauni langu. Alikaa siku tisa bila kumwogesha yule mtoto hata mara moja, akaondoka akisema majani yatakomaa shambani. Kwa mtoto wa pili ikawa vilevile. Kwa wa tatu mama hakuja.

Unaniuliza kwa nini sikusema. Mwanzoni niliogopa kurudishwa kwetu. Baadaye nilikuwa na watoto wanne na hakuna ambaye angenirudisha popote, na bado nikanyamaza, kwa sababu mama hakulalamika na mimi nilikuwa nimezoea. Alikufa watu wa Kedowa wakimjua kama yule mama aliyemchoma binti yake.

Wiki moja baada ya mazishi nilimwendea shangazi, ameshazeeka, anachambua maharagwe nje ya nyumba. Nikamwambia yote, kuanzia kikopo cha sokoni. Aliuweka ungo chini.

"Na mimi nikamnyima watoto," akasema. "Sasa msamaha nitaomba nani?"

Nikaketi kando yake, nikauchukua ungo. Mpaka leo swali hilo ninalo.

Basi nisikilize, mwanangu. Ngozi ya chini ya macho usiifikiche, wala usiipake kitu ambacho hujui kimetengenezwa na nini. Nawa kwa maji baridi, paka mafuta kidogo kwa ncha ya kidole, vaa kofia jua likiwa kali, na usingizi usiuibie. Pakizidi kuwa peusi au pakivimba, nenda zahanati. Na kama ni weusi wa kazi tu, uache, hauna ubaya. Lakini ukishakosea kama mimi, sema ni wewe, siku ileile, mbele ya watu walewale, hata kama wageni watainuka waende zao. Mtu akijitwika kosa lako kwa kukupenda, mtue angali hai.

Mungu akulindie macho yako na ngozi inayoyazunguka. Akupe mdomo mwepesi kuliko wangu. Na siku utakapojifungua, mama yako awe karibu, na mtoto wako aogeshwe naye.