Floribert Aliyeanzia Mwisho

Kama umewahi kucheza golfu na mtu anayefikiri, utanielewa nikisema kwamba Floribert alikuwa anachosha. Sisi wengine tukifika mahali pa kuanzia tunachomoa fimbo kubwa kuliko zote, tunaupiga mpira kwa nguvu zote tulizojaliwa, halafu tunaufuata huko ulikoangukia tukiomba Mungu. Yeye hapana. Yeye alisimama mikono nyuma, akaitazama bendera kule mbali mpaka uchovu ukakupata wewe unayemsubiri.

Uwanja wetu hapa Bukavu una mashimo tisa na uko juu ya ziwa. Siku isiyo na ukungu unakiona kisiwa cha Idjwi kimelala ng'ambo. Usidhani ni uwanja wa kifahari. Mbuzi wanapita, akina mama wenye mizigo ya makala wanakata njia katikati, na mvua imechimba makorongo ambayo Wabelgiji hawakuyaweka kwenye ramani yao. Mimi naitwa Didier, nina duka la dawa Nyawera, na nilicheza hapo na Floribert karibu kila Jumamosi kwa miaka mingi. Yeye alikuwa mhandisi wa maji katika shirika moja la misaada. Alinishinda siku zote. Nalisema hilo mapema ili usije ukafikiri kwamba nina wivu wa siri. Ninao, na si wa siri.

Shimo la sita ndilo lililompa jina. Ukitoka pale pa kuanzia, uwanja unateremka, unapinda kushoto, na mwishoni kuna grini, yaani ile sehemu ndogo ya majani mafupi yenye shimo na bendera. Grini hiyo imeinamia kushoto, kwenye korongo. Mpira ukitua upande wa juu wa bendera, ukiugusa kidogo tu unateremka wenyewe mpaka korongoni. Sisi tulipiga moja kwa moja juu ya mikaratusi ya kwenye kona ili tufupishe njia. Floribert alichukua fimbo fupi, akapiga kulia, mbali na bendera, kama mtu aliyekosana nayo.

“Juu ya nini unakimbiaka bendera?” nilimuuliza mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo.

“Miye sikimbii,” alisema. “Miye naanzia kule kwa bendera, narudia nyuma. Kupiga ya mwisho nataka kuifanyia wapi? Kwa chini ya shimo, mupira upande, usishuke. Sawa. Ili nifike pale chini, ile ya mbele yake inapashwa kutokea kuume. Njo naanza na kuume. Weye unajiuliza mupira itaenda mbali namna gani. Miye najiuliza itanilalisha wapi.”

“Na ukikosea?”

“Nitakosea, ile haina mashaka. Njo maana nachagulaka upande ya kukosea.”

Alisema hivyo bila kujisifu hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Kisha alitembea taratibu mpaka grini, akausukuma mpira ukapanda, ukaingia. Mimi wakati huo nilikuwa korongoni, nachokoa upupu kwa fimbo.

Mke wake, Aimée, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya masista. Jumamosi nyingine alikuja na mwavuli wake, akakaa juu ya jiwe karibu na shimo hilo la sita, akatucheka wote wawili. “Huyu papa,” aliniambia, “ata sombe anaanziaka kwa sahani, njo anarudia kwa kinu.” Sombe ni kisamvu chetu, na hakiliwi kabla ya kutwangwa. Floribert alifurahi kusikia hivyo. Alidhani ni sifa.

Maisha yake aliyapanga kwa namna hiyohiyo, na bendera yake ilikuwa kijiji cha Miti, kwenye njia ya Kavumu, ambako baba yake alimwachia kipande cha kilima. Baba alikipata kwa kalinzi, kama wanavyofanya Washi, wenyeji wa huku: unampa chifu ng'ombe, na ng'ombe akishapokelewa ardhi ni yako na ya wanao. Huko ndiko yeye na Aimée, wawili tu kwa kuwa watoto wao wanaishi mbali, wangehamia siku ya kustaafu, maana nyumba waliyokaa mjini ilikuwa ya shirika.

Aimée ndiye aliyeitaka Miti kuliko mumewe. Alikuwa ameuchoka mji huu, makorongo yake yanayomeza nyumba mvua ikinyesha, na zaidi ya yote makaburi yake, ambako wafu wamebanana hadi unamkanyaga mmoja ili umsalimie mwingine. “Miye nitazeekea Miti, na banizike Miti, kwa udongo yetu,” alisema akiwa mzima kabisa, anatwanga sombe, kama mtu anayesema kesho ni siku ya kufua. Na Floribert alimwahidi. Sikuwahi kumsikia akimwahidi kitu kingine chochote.

Basi akaanza kupanga kutoka mwisho. Mwishoni kuna wazee wawili wamekaa barazani. Ili wakae barazani pawe na nyumba. Nyumba ya Mshi bila migomba kuizunguka ni kambi tu, kwa hiyo pawe na migomba. Na kwa kuwa migomba inachukua miaka, kitu cha kwanza kabisa ni migomba. Alinieleza haya tukiwa tunashuka kuelekea shimo la sita, na alikuwa ameridhika kama mtu aliyemaliza kazi.

Pale Miti alikuwepo Patrice, mtoto wa dada yake. Floribert alimwachia alime maharagwe kwa bwasa. Bwasa ni kuazimwa ardhi: unapanda cha msimu, unavuna, unaondoka. Kitu cha kudumu hupandi. Mgomba hapana, kahawa hapana, mti hapana, kwa sababu kwa watu wa kilima migomba inamtaja mwenye ardhi kuliko karatasi yoyote. Mtoto wa Miti anayajua hayo kabla hajajua kuhesabu, na Floribert ni mtoto wa Miti.

Jumapili moja baada ya misa Patrice akamjia mjomba wake kwa heshima zote. “Tonton, naomba nipande ndizi pale chini.”

Mzee yeyote wa kilima angekataa kabla kijana hajafunga mdomo. Floribert alitabasamu. Migomba ile alikuwa ameshaifikia kwa upande mwingine, kutoka mwisho, na sasa mtu anakuja kumpandia bila kuombwa. Aliokota kijiti, akamchorea Patrice mistari kwenye vumbi: migomba ipite hapa, na hapa pabaki wazi, ndipo nyumba itakaposimama. Hakuita shahidi. Aite shahidi wa nini, kijana ni wa dada yake na amembeba mgongoni.

Migomba ilizaa. Patrice akatengeneza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akaalika kilima kizima, na tonton wake kutoka mjini akapewa kiti kizuri kati ya wageni. Floribert alikunywa, akasimama, akamshukuru Patrice mbele ya wazee kwa pombe tamu na kwa migomba yenye afya. Alirudi mjini amefurahi mno. Wazee walikuwa wamesikia mgeni akimshukuru mwenye shamba, na hawakusema neno, maana hakuna aliyewauliza.

Halafu siku za kustaafu zikafika. Shirika likataka nyumba yake. Aimée alikuwa ameanza kuvimba miguu, na daktari alisema ni moyo. Floribert akaenda Miti na fundi, wakachomeka vijiti pale palipoachwa wazi. Walipokuwa wanapima, Patrice akaja na kuanza kuving'oa kimoja kimoja, bila kelele, akimwomba tonton wake msamaha kila alipoinama.

Wakaenda kwa muzee Chrispin, mkuu wa kilima. Nilikuwepo, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa na gari.

“Ile ndizi, nani alipanda?” muzee aliuliza.

“Patrice,” Floribert alisema. “Lakini ni miye nilimuruhusu.”

“Uliona ndizi inaota, haukung'oa?”

“Haikuwa ya kung'oa, muzee. Nilikuwa naipanga. Ilikuwa ya kuzunguka nyumba yangu.”

“Nyumba gani?”

“Yenye nitajenga.”

Muzee Chrispin alimtazama kwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli, ndiyo maana inanichoma hadi leo. “Papa Floribert,” alisema, “ile nyumba ni weye peke yako uliiona. Siye tuliona ndizi, na tulikuona unakunywa.”

Patrice hakucheka wala hakutamba. Alisema ana mke, ana watoto waliozaliwa pale, mikono yake imechubuka pale, na tonton alipompa ndizi alijua amepewa shamba, kama ambavyo mtu yeyote angejua. Nilitaka kumzaba kofi. Lakini nikijaribu kutafuta uongo katika maneno yake siupati. Wakili mmoja wa mjini alimwambia Floribert kesi ingewezekana, miaka ikiwepo. Miaka ndiyo Aimée hakuwa nayo.

Hapa nitasema jambo moja juu ya golfu, na nitalisema kwa hasira. Mchezo ule unadanganya watu wenye akili. Shimo la sita halihami usiku. Korongo halina mke wala watoto. Hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuugusa mpira wako. Ukishinda hapo kila Jumamosi kwa kuanzia mwisho, utaamini kwamba mwisho unakusubiri wewe. Patrice naye alikuwa na bendera yake, na ilisimama palepale kwenye ya Floribert. Na mtu huyu aliyenifundisha kuchagua upande wa kukosea, kule Miti hakuchagua upande wowote, kwa kuwa hakudhani kwamba ndugu ni mahali pa kukosea. Ningekuwa na uwezo ningeuchoma moto uwanja ule, na mimi ndiye katibu wake.

Floribert na Aimée wakapanga vyumba viwili kule juu Kadutu, mahali pa ngazi za mawe, naye Aimée hawezi ngazi. Hakulalamika. Aliwahi kuniambia tu, nilipompelekea dawa, kwamba mumewe hataki tena kutazama mbali, kwamba ukimuuliza kesho watakula nini anasema ataona. Aliongea polepole kwa sababu ya pumzi. Nilimwambia atapona, nikajichukia kwa kusema hivyo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nahesabu vidonge.

Baadaye akalazwa. Siku moja alimshika mumewe mkono, akasema nyumba ameisamehe, baraza ameisamehe, lakini asizikwe katika ule msongamano wa mjini. “Patrice si mutu mubaya,” alisema. “Umuombe kipande yangu tu.”

Tulikwenda Miti asubuhi ileile. Patrice alitupokea vizuri, akatoa viti, mkewe akaleta chai. Floribert alisema yote kwa maneno machache. Hakudai. Nilimwona mtu mzima akiomba kwa mtoto wa dada yake mahali pa kumlaza mkewe, kwenye ardhi iliyolipiwa kwa ng'ombe wa baba yake.

Patrice aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema, “Tonton, maman Aimée namupenda. Ukitaka kulima maharagi hapa, lima, ata leo, sitakukataza. Lakini kaburi, hapana. Maharagi inatokaka. Kaburi haitokake. Kesho watoto yako batakuja kuniambia mama yao iko hapa.”

“Batoto yangu hawatakuja,” Floribert alisema. “Biko mbali.”

“Nami nilisema hivyo juu ya weye, tonton.”

Niliinuka nikaenda kwenye gari, kwa sababu ningebaki pale ningefanya la aibu. Floribert alikuja baadaye. Alikuwa amemaliza chai yake na ameaga kila mtu, hata watoto. Tulipoanza kuliona ziwa aliniomba nisimpeleke nyumbani, nimpeleke hospitali, kwa maana Aimée anasubiri jibu.

Nilisimama mlangoni. Aimée alikuwa ameinuliwa kwa mito ili apate pumzi, na alituona kabla hatujamsalimia.

“Amesema nini?”

Floribert akakaa pembeni ya kitanda. “Amekubali,” alisema.

Sijawahi kuona uso wa mgonjwa ukibadilika namna ile. Akauliza ni upande gani. Floribert akamwambia ni upande wa juu, mahali pakavu, ambapo maji ya mvua hayapiti. Akauliza kama kutakuwa na kivuli. Akamwambia kuna kivuli cha asubuhi. Akauliza kama watu watapita karibu, asikae peke yake, naye akamwambia njia ya kwenda kanisani inapita pale chini, na Jumapili atasikia watu wakiimba. Alijibu kila swali bila kusita. Aliona kila kitu mpaka mwisho, na hapakuwa na kitu hata kimoja.

“Patrice unamuambia aksanti,” Aimée alisema. “Unamuambia imetoka kwangu miye.”

Alikufa wiki ileile. Tulimzika hapa mjini, kati ya watu tusiowajua, mahali pembamba hata wabebaji walilazimika kupita upande upande. Patrice alikuja na mkewe, wamevaa vizuri, wakasimama nyuma. Udongo ulipokwisha kurudishwa, Floribert alipenya katikati ya watu mpaka akamfikia. Mimi nilimfuata, nikidhani hatimaye atasema anachostahili kusema.

“Aimée alisema aksanti,” alimwambia. “Imetoka kwake yeye.”