Jiwe la Kwetu na Mama Mkwe

Ukizaliwa kwenye mawe ya Maragoli, kule magharibi mwa Kenya, hakuna jiwe lingine litakaloridhisha unyayo wako. Nasema hivyo na masomo yangu yaliishia darasa la tatu, kwa hivyo usiniulize graniti inatoka wapi. Najua tu vile inakaa chini ya mguu. Ina punje punje, inang'aa ikipigwa na jua, na inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Ukiweka mguu, umeweka. Tulichunga mbuzi juu ya mawe makubwa kama nyumba, miguu mitupu, na sikumbuki mtu aliyeteleza isipokuwa mjomba wangu, na huyo alikuwa ametoka kunywa pombe ya busaa. Ya mjomba tuyaache.

Miaka ya sabini nilikuwa nimepanga chumba Laini Saba, Kibera, jijini Nairobi, na kazi yangu ilikuwa bustani, mtaa wa jirani wa Woodley, kwa mzungu mmoja mwembamba. Huyo mtu kila Jumamosi alibeba kamba akaenda kupanda mawe. Si kwamba kulikuwa na kitu anatafuta huko juu. Anapanda, anaangalia, anashuka. Siku nilipomtajia kwetu, aliacha chai yake ikapoa.

"Wewe natoka kule?" akasema. "Mimi nafika kule! Jiwe mzuri sana. Graniti!"

Na kweli alikuwa amefika. Wazee wa huko walipomwona akining'inia walimwuliza amepoteza mbuzi wa rangi gani. Akawaambia hapana, anafurahi tu. Basi wakamletea ndizi, maana waliona mtu wa namna hiyo ni vizuri ale.

Kuanzia hapo tukawa marafiki, mimi na makasi yangu ya ua, yeye na kamba yake. Mawe ya Nairobi tuliyasengenya kama majirani. "Hii ya hapa mbaya," alikuwa akisema. "Mimi navuta, yeye nakuja." Akaniambia wenzake wa kamba wote wako hivyo: watapanda jiwe lolote wakikosa kazi, lakini moyo uko kwa graniti. Mimi nikaanza kutembea Kibera kifua mbele, kana kwamba jiwe lile nililipika mimi.

Sasa mama mkwe. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hamsalimiani kwa mkono, hamli pamoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Ni heshima hiyo, si chuki. Mkikosea mkagusana, ni aibu kubwa, na mama hakanyagi tena kwako mpaka wazee wakae walimalize. Na wazee wetu walikuwa mbali, tena si watu wa haraka.

Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama yake akaja. Akafikia Kawangware kwa kijana wake, maana kwangu hawezi kulala. Tukakubaliana: Jumapili yeye atakuja kumwosha mtoto na kumpikia mzazi uji, na mimi nitapotea.

"Upotee kabisa," mke wangu akaniambia. "Nimemngoja mama tangu tumbo lilipoonekana. Ukiniharibia, wewe ndiye utakayemkanda mgongo huyu mtoto."

Nikapotelea machimbo ya mawe, chini karibu na mto. Jumapili hayana mtu, ni mbuzi mmoja tu alikuwa anakula karatasi. Nikakaa. Nikachoka kukaa. Nikatazama ule ukuta wa jiwe, nikamkumbuka mzungu na kamba yake, nikavua viatu.

Jiwe la pale ni lile laini la kujengea, mafundi wanalichonga kama wanakata mkate. Lakini mguu wangu ulikuwa bado unafikiria kwetu. Nilipanda vizuri mpaka urefu wa kama nyumba mbili, halafu pale niliposhika pakanikatikia mkononi. Nikashuka kidogo bila kutaka, nikasimama kwenye kijirafu cha upana wa sahani. Juu hakuendeki, chini sioni pa kukanyaga.

Ndipo nikasikia kanga inapigwa na upepo. Kuangalia hivi, ni mama mkwe! Baadaye nilielewa: alikuwa amekataa unga wa dukani, akatoka kutafuta jiwe la kusagia wimbi, ule ulezi wa uji, na watu wakamwelekeza huko. Angeingia nani kichakani? Yeye hakuwa na kichaka, na mimi nilikuwa ukutani kama mjusi.

Aliniona mara moja. Akageuka akanipa mgongo, akajifunika kichwa na ile kanga. Nikadhani ataondoka. Lakini kokoto zikaporomoka chini yangu, naye akasimama. Akaanza kuongea na mbuzi.

"Wewe mbuzi," akasema, "huyo wa suruali ya kaki yuko juu ya nini?"

"Mbuzi, mwambie mama kwamba huyo yuko juu ya jiwe."

"Jiwe? Mbuzi, mwambie hiyo ni maandazi. Amezaliwa juu ya jiwe, halafu anakuja kujiua na maandazi?"

Mbuzi aliendelea na karatasi yake.

"Mwambie asivute. Jiwe bovu halivutwi, linakandamizwa chini kama unga wa ugali. Na kabla hajaweka mguu, apige ngumi nisikie."

Nikapiga. *Puu.*

"Limeoza. Kando."

Nikapiga kando. *Ngo.*

"Hilo lina mama yake, limemshika. Akanyage."

Tukateremka hivyo, mimi napiga, yeye anasikiliza, mbuzi anapewa matusi yote yaliyonistahili mimi. Hakugeuka hata mara moja. Karibu na chini unyayo wangu ulianza kuteleza, nikaona nitaanguka, na nikianguka nitamwangukia yeye, na mke wangu atalia mwaka mzima. Nikasema kwa sauti, "Mbuzi, mwambie mama asogee!" Akasogea. Nikaanguka. Nilimwangukia mbuzi. Hakuumia, lakini alinipiga pembe ya paja, na nadhani alikuwa ameingoja nafasi hiyo.

Mama mkwe alishaanza kuondoka, mgongo wake ukitikisika. Mpaka leo sijui alikuwa analia au anacheka. Mke wangu anasema anajua, lakini haniambii.

Mtoto akaoshwa, uji ukanyweka, wa unga wa duka. Jumatatu nilimsimulia mzungu. Akakaa chini kwenye majani niliyotoka kuyakata, akacheka, halafu akaniuliza kwa adabu kama huyo mama anafundisha.

Mama aliporudi nyumbani, haikupita muda mrefu basi la usiku likaleta gunia. Utingo alilishusha akilaani, akiuliza ni maiti ya nani. Ndani mlikuwa na jiwe la kusagia la graniti, la kwetu, likimeta. Ujumbe uliletwa kwa mdomo wa mke wangu: jiwe ni la kusagia wimbi, na yule wa kaki akitamani tena kupanda, apande hili.

Nililiweka mlangoni, nikavua viatu, nikapanda. Urefu wake ni kiganja kimoja. Nilisimama pale juu kwa raha yangu mpaka mke wangu akanifukuza na mwiko, ati miguu yangu inachafua unga wa mtoto.